Injini ya Tatu

"Mzee, nakuuliza tena. Ulifika nyumbani saa ngapi?"

"Sikuficha kitu mimi."

Sajini aligeuka kumtazama Inspekta, nyusi zimempanda. Kisha akamrudia mzee. "Nani amesema umeficha?"

Watu walimwita mzee huyo Fundi, kwa kuwa ujana wake wote aliumalizia kwenye karakana ya mbao, nyuma ya mashine ya kuranda, na ncha za vidole viwili vya mkono wake wa kushoto zilibaki hukohuko. Shati alilovaa ndilo alilozikia mkewe. Lilikuwa na udongo kwenye pindo la mkono, na hakuna aliyemwambia aupanguse.

"Kati yako na marehemu kulikuwa na chuki?"

"Shuka nilimfunika kwa mkono wangu," Fundi alisema. "Alikuwa anatetemeka. Homa."

Sajini akaipiga meza kofi. "Chuki, mzee! Chuki!"

Inspekta, mwanamama mtulivu, alikuwa amekaa pembeni, karibu na dirisha, mikono mapajani, kama mgeni aliyekuja kusubiri chai. Hakumtazama Sajini. Alikuwa anamtazama mzee, na mzee alikuwa anautazama mdomo wa Sajini.

"Inatosha kwa sasa," alisema, akainuka.

Walipofika kwenye korido Sajini alishindwa kujizuia. "Anatuchezea shere, afande. Unamuuliza la mashariki, anakujibu la magharibi. Kumbe la muhimu analijua: ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, wala hakuna mwingine."

Inspekta hakubishana naye. Alijua hasira ile ilikotoka. Marehemu, mke wa mzee, alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa ule walipita mikononi mwake, wakiwamo wawili wa Sajini, na yule wa pili alitanguliza miguu siku ambayo daktari hakupatikana. Mtu kama huyo akifa, kila nyumba hutaka kujua nani wa kulaumiwa.

Kesi yenyewe ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja. Mkunga alikutwa kitandani amekufa. Daktari alisema ni moshi wa gari, ile hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomchukua mtu usingizini. Chumba chao kilipakana na banda la gari, na katikati palikuwa na mlango wa mbao ambao chini yake mkono ungepita. Siku hiyo mvua ilinyesha, madirisha yote yalifungwa, na mlango mkubwa wa banda pia. Askari walilikuta gari kimya. Sasa, gari likitoa moshi wa kuua mtu, halafu likutwe limezimwa, basi kuna mkono uliolizima. Na mwenye mkono huo alikuwa na ufunguo. Fundi alitiwa pingu kabla udongo wa kaburi haujakauka.

"Tangi lilikuwa kavu," Inspekta alisema.

"Ndiyo, afande."

"Na betri imekufa."

"Vijana walibonyezabonyeza kile kitufe cha kuwashia. Labda ndio waliomaliza betri."

"Mtu akilizima gari kwa mkono wake, mafuta yanaishaje?"

Sajini alikuna kidevu. "Labda aliliacha linawaka mpaka alipoona kazi imekwisha."

"Na mafuta nayo yakaisha palepale. Basi huyo muuaji ana bahati kama ya mwendawazimu." Inspekta alifunga kifungo cha koti. "Yuko wapi binti yake?"

Binti alikuwa kwenye benchi la mapokezi, mkoba mapajani, macho yamemvimba. Alikuwa mwalimu katika mji mwingine, mtoto pekee wa wazee wale, na ndiye aliyewaambia polisi wamkamate baba yake. Inspekta alikaa kando yake badala ya kumwita ofisini.

"Niambie tena kuhusu zile simu."

"Nilimpigia mama mchana, hakupokea. Nikapiga tena. Nikajua kuna jambo, kwa sababu mama hata akiwa anazalisha mtu alikuwa anapokea, anakwambia 'subiri kichwa kinatoka'." Alicheka kidogo, akapangusa macho. "Nikampigia baba. Simu inaita, inaita, inakatika. Nimepiga mpaka betri yangu ikaisha. Simu ilikuwa mfukoni mwake, afande. Mfukoni! Angepokea mara moja tu, angerudi nyumbani, mama angekuwa hai."

"Kwa nini unadhani hakupokea?"

"Alikuwa ametuchoka. Alimchoka mama, alinichoka mimi. Nikienda kuwatembelea namsalimia, ananipita kama kiti. Wanangu wanamwita babu, babu, hageuki. Mezani anakula, anainuka, anaondoka. Jirani muulizeni, kila siku mama alikuwa anampigia kelele. Mama yangu, mtu mpole vile!"

"Na zamani alikuwaje?"

Binti alifuta pua. "Zamani alikuwa ananibeba mabegani mpaka karakana. Sijui alibadilika lini."

Inspekta aliinuka. "Usiondoke mjini," alisema. "Na usizime simu yako."

Duka la magari lilikuwa na vioo kuanzia sakafuni hadi darini, na sakafu yake iling'aa kiasi cha mtu kuona aibu ya viatu vyake. Muuzaji alikuwa kijana wa tai nyekundu, mwenye kusema haraka. Alipoona vitambulisho, kasi ilimpungua.

"Nawakumbuka sana wale wazee," alisema. "Wengi wanakuja kupiga picha tu. Wale walikuja kununua, na walinichekesha."

"Walinunua gari gani?"

"Hili hapa." Aliwaongoza kwenye magari matatu yaliyopangwa ubavu kwa ubavu. Yalikuwa saluni za kati, za familia, zenye milango minne na buti la kutosha mizigo ya safari. Kwa nje yalifanana kama mapacha. "Tofauti iko kwenye injini. Ya kwanza ni ya silinda nne, petroli tupu, ya kawaida. Haina makuu. Ya pili ni silinda sita. Hiyo ukiikanyaga inanguruma, ina nguvu, ila inakunywa mafuta kama ngamia. Ya tatu ni haibridi. Ina injini ya petroli na mota ya umeme. Ukisimama, ya petroli inajizima. Hula mafuta kidogo, na haina kelele kabisa."

"Walichukua ya tatu."

"Walichukua ya tatu, lakini haikuwa rahisi! Mzee aliipenda ya pili. Nilimwashia, akaweka kiganja chake juu ya boneti, hivi, akafumba macho. Akasema, 'Hili ndilo gari. Hili nalisikia mpaka kwenye mifupa.' Mama akakataa. Akasema amesikiliza vilio maisha yake yote, vya wazazi na vya watoto, sasa anataka kitu kimoja tu nyumbani kwake kisicholia. Mzee akamwambia, 'Mke wangu, si wewe unayesema mtoto asiyelia ana walakini?' Tulicheka wote humu ndani. Halafu mzee akamtazama, akasema, 'Haya, chukua bubu wako.' Akatoa pesa."

Sajini alikuwa analizunguka lile la tatu, anachungulia magurudumu. Inspekta alifungua mlango, akaketi kwenye usukani. "Liwashe."

Muuzaji aliinama, akabonyeza kitufe. Taa za dashibodi ziliwaka. Hapakuwa na mtikisiko wala mngurumo.

"Limewaka?"

"Limewaka, mama. Liko tayari kuondoka."

"Na likiachwa hivi?"

"Linakaa kimya hivihivi. Betri ikianza kupungua, injini ya petroli inajiwasha yenyewe ili kuijaza. Ikishajaa, inazimika. Baadaye tena hivyohivyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtu alizime. Au mafuta yaishe."

Inspekta alisema, "Tusubiri." Alikaa na mikono kwenye usukani. Sajini alitazama nje, akatazama kucha zake. Muuzaji alianza kueleza habari za viti, akaona hasikilizwi, akanyamaza. Walisubiri kiasi cha mtu kunywa kikombe cha chai bila haraka. Ghafla, bila mkono wa mtu kugusa kitu, gari lilitetemeka kidogo, na nyuma, kwenye bomba la moshi, pakasikika pumzi nyembamba.

Sajini alirudi nyuma hatua moja. "Mungu wangu."

"Basi hakuna aliyelizima," Inspekta alisema. "Asubuhi ile taa ya mafuta ilikuwa inawaka. Ametuambia mwenyewe kwamba alipanga kujaza kesho yake. Alikwenda kununua dawa, akarudi, akaliingiza bandani, akafunga mlango kwa sababu ya mvua. Gari lilikuwa kimya, akashuka akijua limezimwa. Akampa mkewe dawa, akamfunika, akaenda karakana kwa miguu. Nyuma yake injini ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, mpaka tangi likakauka. Vijana wetu walipofika walikuta kitu kilichokwisha kufa."

"Hapana, afande, samahani." Muuzaji alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi. "Haiwezekani kirahisi hivyo. Watengenezaji walilifikiria hilo. Ufunguo wake hauchomekwi popote, unakaa mfukoni tu. Shuka nao."

Inspekta aliuchukua ufunguo, akashuka, akafunga mlango. Mara gari likaanza kulia: pii, pii, pii. Ilikuwa sauti nyembamba, kali, ya kuudhi, iliyomfanya karani wa upande wa pili wa duka ainue kichwa.

"Unaona? Linamwambia mtu, umeniacha nikiwaka. Hakuna asiyelisikia."

Sajini alishusha pumzi. Alionekana kama mtu aliyerudishiwa mzigo ambao alikuwa ameanza kuutua. "Basi alijua. Lilimlilia, akalisikia, akaliacha makusudi. Hiyo ni mbaya kuliko ya kwanza."

Gari liliendelea kulia. Inspekta alisimama akilitazama mpaka muuzaji akalizima.

"Siku ile," alimwuliza, "uliwaonyesha hiki kilio?"

"Lazima tuonyeshe."

"Walifanyaje?"

"Mama aliziba masikio. Akasema, 'Kumbe bubu naye ana kifaranga tumboni!'"

"Na mzee?"

Muuzaji alifikiri. "Mzee... alikuwa amesimama tu. Alimwona mkewe anacheka, naye akacheka."

"Ulipokuwa unaeleza habari za injini, ulikuwa unamwambia nani?"

"Nilikuwa namwambia mzee. Ila mama alikuwa anarudia kila neno langu, kwa sauti kubwa, amemgeukia uso kwa uso. Nikisema silinda sita, naye anasema silinda sita. Nilidhani ndio mazoea yao. Alikuwa kama mkalimani."

Inspekta alimrudishia ufunguo. "Asante, kijana," alisema, na Sajini ilibidi atembee haraka kumfikia mlangoni.

Kituoni alitoa maagizo mawili. Kwanza, Fundi aletwe chumba cha mahojiano na akalishwe akiwa ameupa mlango mgongo. Pili, simu yake itolewe kwenye mfuko wa vielelezo, iongezwe sauti mpaka mwisho, iwekwe kwenye rafu nyuma yake. Kisha akamwita binti, akamsimamisha mlangoni.

"Mpigie baba yako."

"Nini?"

"Mpigie. Kama ulivyompigia siku ile."

Binti alimtazama kama anayetukanwa. Lakini akatoa simu, akabonyeza.

Ile simu ya rafuni ikaanza kuita. Ilikuwa na mlio wa kengele ndogondogo, wa juu, uliojaa chumba kizima. Askari aliyekuwa koridoni akachungulia. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, anabandua udongo kwenye pindo la shati lake, chembe moja moja, na kuukusanya mezani. Simu iliita mpaka ikakatika.

"Tena," Inspekta alisema.

Ikaita tena. Mzee aliukusanya ule udongo kwa ukingo wa kiganja, akaufanya kichuguu.

Binti alishusha simu. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Mara ya mwisho uliongea na baba yako kwenye simu lini?" Inspekta alimwuliza. "Yeye mwenyewe, si kupitia kwa mama yako."

"Baba hapendi simu. Mama ndiye alikuwa ana..." Aliishia hapo. Kisha, polepole, kama mtu anayesoma kwenye giza: "Mama alikuwa anarudia kila nilichosema. 'Baba, mwanao anauliza kama umekula. Baba, mwanao anasema wajukuu wamefaulu.' Nilikuwa naudhika. Nilikuwa namwambia, mama, mwache baba ajibu mwenyewe."

"Mashine ya kuranda inakula masikio kama inavyokula vidole, ila masikio inayala taratibu. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka. Kofi la meza analisikia. Mngurumo wa injini kubwa anausikia. Kengele, kilio cha gari, sauti ya mtoto anayeita babu, hapana."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Wangemtoa karakana. Nadhani mama yako alimfichia kwanza kwa sababu ya kazi, halafu kwa sababu ya heshima yake. Jirani alikuwa anasikia kelele. Ndivyo walivyokuwa wanaongea."

Sajini alikuwa amesimama nyuma yao. Alisema kwa sauti ya chini, "Nilimwuliza alifika saa ngapi. Akasikia nimemwuliza alificha nini." Akageuka, akautazama ukuta.

Inspekta alimpeleka binti ofisini, akafunga mlango, akamweleza lile la gari, kuanzia mvua mpaka tangi kavu. Hakumpunguzia kitu. Binti alisikiliza mikono ikiwa imebana mkoba.

"Kwa hiyo hakumuua," alisema mwishoni.

"Hakukusudia."

"Lakini..." Binti alifungua mkoba, akaufunga, akauliza, "Anajua?"

"Bado. Anaamini aliacha gari limezimwa. Anadhani ulikuwa ugonjwa, na sisi ni watu wabaya tu. Nitamweleza. Ni kazi yangu."

"Nitamweleza mimi."

"Si lazima, dada."

"Mimi ndiye niliyemleta humu. Ni baba yangu." Aliinuka. "Sikio gani lina nafuu?"

"La kulia. Ndilo alilokuwa anamgeuzia Sajini."

Fundi alikuwa ametolewa, ameketi kwenye benchi la mapokezi, mkanda wake na kamba za viatu mbele yake kwenye kaunta, ndani ya mfuko wa nailoni. Watu watatu walikuwa kwenye foleni wakisubiri kuhudumiwa. Binti akakaa upande wa kulia wa baba yake. Mzee alimwona, uso ukamfunguka, kisha ukafungika tena, kama aliyekumbuka kwamba huyu ndiye aliyemshtaki.

Binti alisema kitu. Alikuwa analia, na mkono wake ulikuwa umefunika mdomo.

"Unasemaje, mama?" Fundi aliuliza.

Akajaribu tena. Mzee aliinamisha kichwa, akautafuta mdomo wake kwa macho, akashindwa. Akatikisa kichwa taratibu, akitoa lile tabasamu la kuomba radhi ambalo binti alilizoea miaka mingi akiliita dharau.

Hapakuwa na namna nyingine. Alisogea mpaka kwenye sikio, akapaza sauti.

"Hukulizima, baba! Gari! Hukulizima!"

Foleni iligeuka. Karani wa kaunta aliacha kuandika.

"Lilikuwa kimya," Fundi alisema.

"Lilikuwa kimya lakini linawaka! Linajiwasha lenyewe! Moshi wake ndio uliomchukua mama!"

"Nililiacha linawaka?"

"Ndiyo, baba!"

"Nilipokuwa karakana?"

"Ndiyo!"

"Muda wote?"

Binti alitikisa kichwa kukubali, na hilo mzee alilielewa kuliko maneno yote.

Alikaa, viganja magotini. Alipofungua mdomo ilikuwa kwa sauti ndogo mno, sauti ya mtu asiyejisikia, ikabidi Inspekta asogee. "Niliporudi nilitembea kwa ncha za vidole," alisema. "Nilidhani amelala. Nilikaa sebuleni, kichwa kinaniuma, nikamwacha alale. Nikasema mtoto wa watu amechoka, kila siku anaamshwa."

Inspekta alisimama mbele yake, palipokuwa na mwanga, akasema kila neno kwa kulitenga. "Mzee. Hakuna mashtaka. Uko huru. Nenda nyumbani na mwanao."

Fundi aliutazama mdomo wake mpaka mwisho.

"Nyumbani," alisema. "Kule?"

Aliinuka. Aliuchukua mfuko wa nailoni wenye mkanda na kamba zake, akamsukumia karani kwenye kaunta, kama mtu anayerudisha kitu alichopewa kimakosa. Kisha akageuka, viatu vikiburuzika bila kamba, akafuata korido mpaka kwenye kile chumba cha mahabusu alichotolewa. Aliingia, akakaa chini, mgongo ukutani.

Binti alimfuata. Alivua viatu mlangoni bila kujua anavivua, akaingia, akakaa upande wa kulia, akaegemeza kichwa chake begani mwa baba.

Askari wa zamu alikuwa amesimama na funguo mkononi. Alimtazama Sajini, Sajini akamtazama Inspekta.

"Usifunge," Inspekta alisema.

Mlango uliachwa wazi. Foleni ikaisha, zamu ikabadilika, jua likahama kutoka dirisha la mbele likaenda la nyuma, na hakuna aliyetoka.